Kitovu cha Tetemeko na Kilicho Chini Yake

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kwa mujibu wa taarifa za Serikali watu 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilipasuka au kuanguka. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Redio na magazeti yalitangaza kwamba kitovu cha tetemeko hilo kilikuwa eneo la Nsunga, Wilaya ya Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Taarifa ilikuwa sahihi, lakini ilikuwa nusu. Msikilizaji wa Kayanga wilayani Karagwe, au wa Nkwenda na Murongo wilayani Kyerwa, aliambiwa kwamba jambo limetokea Missenyi, ilhali wilaya hizo mbili nazo zilihesabiwa miongoni mwa zilizoathirika. Kama tetemeko lilikuwa la Missenyi, lilifikaje kwake? Jibu halimo katika neno kitovu. Ninashikilia kwamba neno hilo ni tafsiri nzuri iliyokosa mwenzake, na kwamba kukosekana kwa huyo mwenzake kunatufanya tuyaelewe vibaya matetemeko yetu wenyewe.

Tuanze na neno lilikotoka. Wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 waliokota maneno mawili ya Kigiriki: moja lenye maana ya "juu ya", na jingine lenye maana ya kituo au nukta ya katikati. Wakayaunganisha kupata istilahi ya episenta, inayosema "palipo juu ya kituo". Ndani ya istilahi hiyo mna ukumbusho kwamba kituo chenyewe hakipo pale tunapoelekeza kidole kwenye ramani. Kipo chini, na sisi tunataja tu sehemu ya uso wa dunia iliyo juu yake wima. Kiswahili kilipotafsiri, kilichukua "kituo" kikaacha "juu ya". Kikachagua kitovu, neno la mwilini, neno lenye uzito. Mswahili husema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake, na hutaja mji fulani kuwa kitovu cha biashara au cha elimu. Katika matumizi yote hayo kitovu ni asili, au ni mahali mambo yanapoanzia na kukusanyika. Kwa hiyo anayesikia "kitovu cha tetemeko ni Nsunga" ana haki ya kuelewa kwamba tetemeko lilizaliwa Nsunga, na kwamba nguvu yake ilipungua kwa kila hatua ya kuondoka hapo. Lakini hakuna kilichozaliwa Nsunga. Shirika la Jiolojia la Marekani lilikadiria kwamba mwamba ulikatika kilomita 40 chini ya ardhi.

Kina hicho kinahitaji kuelezwa kwa tabaka za dunia, maana bila tabaka hizo kilomita 40 ni tarakimu tu. Chini ya miguu yetu kuna ganda la dunia, ambalo chini ya mabara huwa na unene wa wastani wa kilomita 35 hadi 40. Chini ya ganda kuna koti, linaloshuka hadi kilomita 2,900 hivi. Koti si bahari ya moto, kama wengi wanavyodhani. Ni mwamba mgumu ambao, kwa joto na mgandamizo, hujongea polepole mno kwa mamilioni ya miaka. Kisha kuna kiini: sehemu ya nje yenye chuma kilichoyeyuka, na ya ndani iliyo ngumu, hadi katikati ya dunia kwenye kilomita 6,371. Hakuna aliyewahi kuchimba akafika huko. Tabaka hizi zimejulikana kwa kusikiliza matetemeko. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić, akichunguza tetemeko la Kroatia, aliona mawimbi mengine yakiwahi kuliko yalivyopaswa, akang'amua kwamba yalipita katika tabaka la chini lenye kasi zaidi. Ndivyo mpaka wa ganda na koti ulivyogunduliwa. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark alitumia njia hiyo hiyo kutambua kiini cha ndani. Kwa hiyo elimu yote ya tabaka za dunia inasimama juu ya swali moja: wimbi lilianzia kina gani, na likapita wapi?

Tetemeko la Kagera basi lilianzia karibu na mahali ganda linapokomea. Hilo si jambo la kawaida barani. Sehemu kubwa ya matetemeko ya nchi kavu huanzia ndani ya kilomita 15 au 20 za juu, kwa sababu chini ya hapo mwamba huwa na joto la kuufanya ulainike na kujipinda badala ya kukatika. Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, kuanzia maziwa ya Albert na Edward hadi Tanganyika, unajulikana kwa kuvunja kanuni hiyo. Ganda la huku ni kongwe na baridi, na mwamba baridi hubaki mkavu na wa kukatika hata kwenye kina kikubwa. Wilaya za Karagwe na Kyerwa zimekaa juu ya mfano wa ukongwe huo. Jina la Karagwe limo katika vitabu vya jiolojia duniani kote kupitia ukanda wa Karagwe na Ankole: miamba ya mchanga na matope iliyowekwa zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, ikakunjwa, ikageuka migumu, kisha ikapenywa na graniti iliyoleta madini ya bati yanayochimbwa Kyerwa hadi leo. Vilima virefu vinavyopanda na kushuka kati ya Kayanga na Mto Kagera ni migongo ya mikunjo hiyo. Ni rahisi kuitazama miamba hiyo na kusema kwamba ardhi ngumu na kongwe namna hii haiwezi kutikisika. Ukweli ni kinyume. Ukongwe huo ndio unaoruhusu mwamba kukatika chini sana, na mwamba wa namna hiyo husafirisha mawimbi mbali bila kuyameza.

Sasa tupige hesabu, maana hoja yangu inasimama hapa. Kutoka kitovu hadi Bukoba mjini kuna takriban kilomita 40 kwa mstari ulionyooka juu ya ramani. Hadi Kayanga kuna takriban 75. Anayesoma ramani peke yake atasema Kayanga ilikuwa mbali karibu mara mbili ya Bukoba. Lakini mawimbi hayakutembea juu ya ramani. Yalitoka kilomita 40 chini, na njia yake ni upande mrefu wa pembetatu mraba. Kwa Bukoba njia hiyo ni takriban kilomita 57, kwa Kayanga takriban 85. Tofauti imeshuka kutoka karibu mara mbili hadi mara moja na nusu. Na tazama kitovu chenyewe: aliyesimama pale hasa, ambaye kwa ramani yuko umbali wa sifuri, alikuwa kilomita 40 kutoka mwamba ulipokatika. Hakuna mtu Kagera nzima aliyekuwa karibu na tetemeko lile. Wote walikuwa mbali nalo, wengine kidogo zaidi ya wengine. Ndiyo maana lilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na hata Kenya, na ndiyo maana madhara yake hayakukusanyika mahali pamoja bali yalitapakaa wilaya kwa wilaya. Ni kweli kwamba kadiri unavyokwenda mbali zaidi kina hupungua uzito katika hesabu; Murongo, iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka kitovu, haibadilishiwi mengi na pembetatu hiyo. Lakini kwa watu walio ndani ya kilomita 80 za kwanza, kina ndicho kinachoamua picha yote.

Tulinganishe na tetemeko jingine la jirani. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika kusini mwa Ziwa Kivu, kati ya Bukavu na wilaya za Rusizi na Nyamasheke nchini Rwanda. Ukubwa wake ulikuwa karibu sawa kabisa na wa Kagera, lakini kina kilikadiriwa kuwa takriban kilomita 10. Huko madhara yalikusanyika. Yalikuwa mabaya sana katika eneo dogo, na vifo vilivyohesabiwa Rwanda pekee vilizidi vya Kagera. Zipo sababu nyingine zilizochangia, zikiwemo msongamano wa watu na siku yenyewe, Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani. Hata hivyo, matetemeko mawili yaliyotangazwa kwa maneno yale yale, ukubwa ule ule na kitovu fulani, yalikuwa matukio ya namna mbili tofauti. Taarifa isiyotaja kina haiwezi kuyatenganisha.

Basi tuiite nini ile nukta ya chini? Wapo wanaotumia kiini cha tetemeko. Lina mantiki, ila kiini tayari kimeshika kazi katika somo hili hili: ni tabaka la ndani kabisa la dunia. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakayesoma kwamba "kiini cha tetemeko kipo ndani ya ganda" na ukurasa unaofuata kwamba "kiini cha dunia kipo chini ya koti" ana kila sababu ya kuchanganyikiwa. Chanzo ni neno la kila siku na linaeleweka, lakini "chanzo cha tetemeko" humaanisha sababu yake, yaani msukumo wa mabamba ya ganda la dunia, wala si mahali. Hiposenta, istilahi ya kigeni ya nukta hiyo ya chini, inakubalika katika maandishi ya kitaalamu, nami siikatai humo. Kwa msikilizaji wa redio haina mzizi wa kushikilia, na masikioni inakaribiana mno na episenta. Ninalipendelea neno chimbuko. Ni jamaa wa chimba, na kitenzi chake, chimbuka, ni kutokeza kutoka chini, kama maji yatokavyo ardhini. Lina mahali ndani yake, lina kina ndani yake, na tayari limezoeleka katika "chimbuko la lugha" na "chimbuko la mto". Kyerwa ina mfano wake hai: chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo Henry Morton Stanley alizitembelea mwaka 1876 na ambamo wenyeji walikuwa wakioga tangu zamani kutafuta nafuu ya maradhi. Mahali maji yanapotokeza Mtagata panaonekana na panafikika kwa miguu. Mahali yalipopatia moto wake ni chini kabisa, na joto ndilo ushahidi wa safari. Hivyo ndivyo kitovu kinavyohusiana na chimbuko. Kitovu ni pa kuonyeshwa, chimbuko ni pa kukadiriwa.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba mwananchi aliyeangukiwa na ukuta hahitaji istilahi, anahitaji turubai na saruji. Ni kweli, na mtu yeyote anayetanguliza msamiati mbele ya turubai amekosea mpangilio. Lakini tetemeko linalofuata haliulizi kama la kwanza limeshasahaulika, na baina ya hayo mawili kuna miaka ya kujenga. Katika miaka hiyo neno hufanya kazi. Anayeamini kwamba hatari ina kitovu, na kitovu hicho ni Missenyi, atajenga Karagwe kama alivyojenga zamani. Anayejua kwamba chimbuko lilikuwa kilomita 40 chini, na kwamba mpasuko wa namna hiyo unaweza kuwepo chini ya kilima chochote kati ya Ziwa Victoria na Bonde la Ufa, atamwuliza fundi wake kuhusu lenta.

La pili lina nguvu zaidi: kwamba kilichoua watu mwaka 2016 kilikuwa nyumba, wala si kina wala umbali. Nakubaliana nalo karibu lote. Tofali mbichi zilizounganishwa kwa udongo, au hata tofali za kuchoma zisizofungwa kwa lenta ya zege na nondo kuzunguka kuta zote, huachana zinaposukumwa pembeni, kwa sababu ukuta huo ulijengwa kubeba uzito wa paa tu. Udongo nao una neno lake. Nyumba iliyosimama juu ya mwamba wa kilimani hutikiswa kwa namna moja, na iliyosimama kwenye udongo laini wa bondeni hutikiswa kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, maana udongo laini hukuza mawimbi. Lakini hoja hii hainipingi, inanisaidia. Chimbuko likiwa juu juu, umbali kutoka kitovu huamua mengi, na nyumba nzuri iliyo pale pale inaweza kuanguka huku mbovu iliyo mbali ikisalimika. Chimbuko likiwa chini sana, mtikisiko unaofika wilaya jirani hautofautiani sana, na hapo ndipo ubora wa ukuta na aina ya udongo huwa ndiyo tofauti kati ya nyumba na nyumba. Kutaja kina ni kumwambia mwananchi kwamba usalama wake haukuwa katika kukaa mbali, ulikuwa katika ukuta wake. Robert Mallet, mhandisi wa Ireland, alilijua hilo alipozunguka vijiji vilivyobomolewa na tetemeko la Naples la mwaka 1857. Alisoma mwelekeo wa nyufa za kuta ili kukadiria mahali na kina mawimbi yalikotokea. Ufa wa ukutani ulikuwa kwake barua iliyotoka chini.

Wapo pia watakaosema kwamba kina hukadiriwa tu, na makadirio hubadilika, hivyo kukitangaza ni kuwapotosha watu. Ni kweli kwamba vituo vya kupimia vikiwa vichache kina huwa kipimo kigumu kuliko vyote, na mara nyingine mashirika huweka kilomita 10 kama thamani ya kuanzia hadi data zaidi zipatikane. Lakini kitovu nacho hukadiriwa, na ukubwa vilevile, na tunavitangaza bila wasiwasi. Dawa ya kutokuwa na uhakika ni neno "takriban", ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani.

Ukiondoka kwenye mwamba ukaingia katika tabaka nyingine za dunia, yaani bahari na angahewa, utaona kwa nini tofauti hii ina uzito katika maafa ya kila aina. Tarehe 26 Desemba 2004 kitovu cha tetemeko kilikuwa pwani ya Sumatra, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na bado watu walipoteza maisha Somalia, Tanzania na Kenya, kwa sababu sakafu ya bahari iliyoinuka ilikabidhi nguvu yake kwa maji, nayo maji yakaibeba. Kimbunga ni habari nyingine. Kimbunga Hidaya kilipoelekea kisiwa cha Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliweza kukifuatilia siku kadhaa kabla, kwa kuwa chimbuko la kimbunga liko wazi mbele ya satelaiti: ni maji ya bahari yenye joto na hewa inayopanda juu yake. Chimbuko la tetemeko halionekani na hakuna chombo, popote duniani, kinachoweza kutangaza siku yake. Anachopewa mwanadamu ni sekunde. Mawimbi ya kwanza, yenye kasi na upole, hufika kabla ya yale ya pili yanayobomoa. Kwa umbali wa Kayanga mwaka 2016 pengo hilo lilikuwa la takriban sekunde 10, na hata juu ya kitovu chenyewe, kwa sababu ya kina, zilipatikana kama nne au tano. Sekunde 10 zinatosha kutoka mlangoni kwa anayejua kwamba mtikisiko wa kwanza ni mjumbe wa wa pili. Angahewa nayo haikukaa kando: Septemba ndio mwezi mvua za vuli zinapoanza Kagera, na nyumba iliyopasuka ikanyeshewa kabla haijazibwa ni nyumba inayobomolewa mara mbili.

Karagwe na Kyerwa zina sababu ya ziada ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Zimekaa upande wa Bonde la Ufa wa magharibi, ambako matetemeko makubwa kuliko lile la 2016 yameshatokea: tetemeko la Toro la Machi 1966, mpakani mwa Uganda na Kongo, liliua watu zaidi ya 100. Kusini zaidi, Desemba 1910, eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika Mashariki. Wanajiolojia wanaeleza kwamba hata mkondo wa Mto Kagera ni alama ya nguvu hizo: mito ya eneo hili iliwahi kutiririka kuelekea magharibi, kingo za bonde zilipoinuka ikarudishwa mashariki, na maji yakakusanyika kuwa Ziwa Victoria. Ardhi iliyoweza kuugeuza mto haijamaliza kazi yake.

Kwa hiyo sitaki kitovu kiondolewe. Ni neno zuri, linaeleweka, na ramani inalihitaji. Ninachoomba ni kwamba lisitembee peke yake. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania inapotoa taarifa, wahariri wa magazeti wanapoinakili, na redio za jamii kama FADECO ya Karagwe zinapoisoma, sentensi iwe kamili: tetemeko la ukubwa wa 5.9 limetokea, kitovu chake kipo Missenyi, chimbuko lake lipo takriban kilomita 40 chini ya ardhi. Waandishi wa vitabu vya jiografia vya sekondari waweke maneno hayo mawili katika mchoro mmoja, moja juu na jingine chini, na mstari wima kati yake. Na Baraza la Kiswahili la Taifa, kama lina neno bora kuliko chimbuko, lilitoe sasa, kabla ardhi ya Kagera haijatikisika tena.